Barua ya wazi kwa wakuu wa meli za kitalii: mliyemwambia akatae, mpeni nguvu ya kukataa

Kwa wakurugenzi wa kampuni za meli za kitalii zinazotoka Florida kwenda Karibiani, na kwa mawakala mnaowatafutia wafanyakazi hapa Mombasa.

Waheshimiwa,

Nimefanya kazi kwenye meli za kitalii mikataba minne. Wa kwanza nilikuwa msaidizi wa mhudumu wa vyumba, mitatu iliyofuata nikawa mhudumu wa baa. Sasa nimerudi nyumbani Likoni. Sidai mshahara wala sitafuti kesi na mtu. Naandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu vijana wanaopanga foleni kwenye ofisi za mawakala wanapaswa kuyajua haya kabla hawajatia sahihi. Nyinyi mna watu wa kuwatafsiria.

Ninalotaka kusema linahusu kanuni zenu za pombe, sigara na dawa za kulevya kwa abiria. Kanuni zenyewe sizipingi hata moja. Nimezisoma, nimefundishwa, nimezifanyia mtihani. Mgeni aliyelewa asiongezewe. Asiyefikisha miaka 21 kwenye safari za kutoka Marekani asiuziwe pombe. Sigara isivutwe chumbani wala roshani, ila sehemu zilizotengwa. Bangi na dawa nyingine zote marufuku, awe na cheti cha daktari au asiwe nacho. Yote ni maneno mazuri. Tatizo ni mahali mlipoyatua: mmeyatua kwenye bega la mfanyakazi wa chini kabisa, yule ambaye riziki yake inategemea mgeni huyohuyo anayetakiwa kumkatalia.

Niwasimulie usiku mmoja. Tulikuwa tumetoka Cozumel, kisiwa cha Meksiko, siku ya tatu ya safari. Mgeni mmoja, mtu mzima wa makamo, alikuja kwenye kaunta yangu akaagiza ramu mbili kwa mkupuo. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili, na bahari usiku ule ilikuwa shwari kama maji ya kisima. Macho yake yalikuwa yananitafuta hali nimesimama mbele yake. Nikafanya nilivyofundishwa: nikamwekea glasi ya maji baridi, nikamwambia kwa upole, bwana, tupumzike kidogo, nitakuhudumia baadaye. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akanisogezea kadi yake ya abiria, akaniambia nisome jina lililoandikwa pale, kwamba huyo ndiye anayenilisha mimi na watoto wangu. Nikashikilia msimamo. Akaondoka.

Hakwenda kulala. Alikwenda kwanza kwenye dawati la huduma kunishtaki, kisha akapanda staha mbili juu, yaani ghorofa mbili za meli, kwenye baa ya kando ya bwawa la kuogelea. Mwenzangu wa huko hakuwa na habari yoyote. Baa ilikuwa imejaa, muziki juu, akampa. Nusu saa baadaye yule mgeni aliteleza kwenye ngazi akapasuka paji la uso, akashonwa kwenye zahanati ya meli.

Asubuhi tuliitwa wote wawili. Mwenzangu aliulizwa kwa nini alimuuzia mtu aliyelewa. Mimi niliulizwa kwa nini mgeni amelalamika kwamba nilimdhalilisha mbele za watu. Aliyetoa ana kosa, aliyekataa ana kosa. Wiki hiyo nilihamishiwa kwenye mashine za juisi kule bafe, ambako hakuna anayekuachia hata senti. Nilikaa huko mwezi mzima. Barua ya onyo sikupewa, kwa hiyo sikuwa na cha kukatia rufaa.

Naomba mlielewe vizuri hili la pesa, maana ndipo ulipo mzizi. Kila kinywaji kinachouzwa huongezewa bakshishi ya lazima ya asilimia 18 au 20, na mhudumu wa baa anaishi kwa hiyo zaidi ya anavyoishi kwa mshahara. Mshahara wetu mmeuyeyusha ndani ya glasi. Kisha mnatuambia tuwe walinzi wa glasi hiyohiyo.

Halafu kuna vifurushi vya vinywaji. Mgeni analipa mara moja kwa siku, anakunywa kadiri anavyotaka. Kwenye kifurushi cha kampuni ya Carnival kuna kikomo cha vinywaji 15 vyenye pombe ndani ya saa 24, na baadhi yenu hamna hata kikomo hicho. Ini la mtu mzima huchukua takriban saa moja kusafisha kinywaji kimoja. Vinywaji 15 ni saa 15. Aliyefika kikomo saa sita ya usiku ataamka na pombe mwilini, atakwenda kifungua kinywa nayo, na hesabu yake mpya itakuwa imeshaanza tangu alfajiri. Mtu mmoja akinunua kifurushi, watu wengine wazima wa chumba chake nao mnawalazimisha kununua, ati wasishirikiane kimoja. Nimemhudumia mama mmoja asiyekunywa hata divai, aliyelipiwa kifurushi kwa sababu tu mumewe alikitaka. Kila jioni mume alikuwa akimsukuma: agiza na wewe, tumeshalipa. Jioni ya nne akaanza kuagiza. Kanuni ya "tumia ulicholipia" haimo kwenye kijitabu chenu chochote, lakini ndiyo inayofuatwa kuliko zote.

Nikiwa hapa nyumbani huwa nawatazama wahudumu wa baa za Mombasa, nawaonea wivu kidogo. Tangu 2010 tuna sheria ambayo kila mtu anaiita sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho, na kwa baa ya kawaida iliweka saa tano ya usiku kuwa mwisho wa kuuza. Inavunjwa, hilo najua. Lakini kijana wa kaunta akiona meza imeanza kuchafuka anaweza kuonyesha saa ukutani akasema, bro, mimi sina neno, ni sheria. Lawama anaibeba Mututho. Melini hakuna Mututho. Baa hufungwa mgeni wa mwisho akitoka, na neno la kukataa linatoka kinywani mwangu mimi, mwenye jina kifuani.

Na huyo aliyelewa yuko wapi? Yuko juu ya maji. Sheria ya Marekani ya 2010 ya usalama wa meli za abiria inataka vizuizi vya pembeni mwa staha visipungue inchi 42, yaani zaidi kidogo ya mita moja. Urefu huo unamtosha mtu mwenye akili zake. Haumtoshi anayetaka kukaa juu ya kizuizi apigwe picha, na mimi nimewashusha watu wawili kwa kuwashika mkanda wa suruali.

Sisi wenyewe tunapimwa. Mkataba wa STCW wa mafunzo ya mabaharia, ulivyorekebishwa Manila mwaka 2010, unaweka kikomo cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu kwa baharia aliye kwenye majukumu ya usalama. Naukubali kwa moyo wote. Kila mmoja wetu, hata muosha vyombo, ana kituo chake cha dharura. Kengele ikilia, mimi mhudumu wa baa ndiye niliyepangiwa kusimama ngazini na fulana ya kijani kuwaelekeza wageni. Kwenye meli hakuna namba ya kupiga zimamoto waje. Zimamoto ni sisi. Kwa hiyo ninapomkatalia mtu glasi usiku wa manane, nawaza kama atasikia nikimwita kwa jina, kama ataweza kufunga mkanda wa jaketi la kuokolea, kama nitalazimika kumbeba.

Hapa ndipo sigara inapoingia.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Machi 2006, meli ya Star Princess ilikuwa njiani kutoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaika, na watu zaidi ya 3,800 ndani yake. Yapata saa tisa usiku moto uliwaka kwenye roshani moja. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza waliona kwamba inaelekea chanzo ni kipisi cha sigara kilichotupwa, kikafukuta polepole kabla ya kulipuka. Vigawanyo vya roshani vilikuwa vya plastiki, viti vya plastiki, upepo wa meli inayokwenda ukafanya kazi yake. Moto ulipanda staha hadi staha kwa dakika chache. Vyumba 79 viliharibika kabisa, vingine zaidi ya 200 viliguswa na moto, moshi au maji. Abiria mmoja alikufa kwa moshi. Kipisi kimoja.

Baada ya hapo Shirika la Kimataifa la Bahari lilibadilisha kanuni, na kuanzia Julai 2008 roshani zenye vitu vya kushika moto zikatakiwa kuwa na vigunduzi vya moto na vinyunyizio vya maji. Lakini kupiga marufuku sigara yenyewe roshani kulichelewa. Royal Caribbean na Carnival zilifanya hivyo mwaka 2014, miaka minane baada ya moto ule. Nashukuru kwamba mlifika. Nilipoanza kazi marufuku ilikuwepo tayari.

Sasa niwaambie inavyoonekana ukiwa umepiga magoti. Unaingia chumbani saa nne asubuhi, taulo limekunjwa chini ya mlango wa bafu, dirisha la roshani limeachwa wazi kidogo, na chini ya kiti kuna glasi ya whisky iliyotiwa maji, vipisi saba vinaelea, maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi. Huyo wa glasi angalau anaogopa moto. Mwingine hutupa baharini, na upepo unakirudisha kipisi kwenye roshani ya chini. Nimewahi kukuta taulo la kuogelea lenye tundu la kuungua ukubwa wa shilingi kumi, kwenye chumba cha bibi mmoja ambaye hajavuta sigara maisha yake yote. Lilitoka juu.

Niliripoti vipisi vile saba, kama kanuni inavyosema. Mgeni akatozwa mamia ya dola za usafi kwenye akaunti yake. Alijua nani kamtaja, maana nani mwingine anaingia chumbani mwake? Siku iliyofuata alikwenda dawati la huduma akaondoa bakshishi ya safari nzima. Haki hiyo mnampa. Ile faini iliingia kwenu. Bakshishi ilitoka mfukoni mwangu na mwa mkubwa wangu wa kazi, baba wa watoto wanne kutoka Ufilipino, ambaye hakunilaumu kwa neno hata moja, na ukimya wake uliniuma zaidi. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiviona vipisi navimwaga chooni, nafuta meza, naondoka. Nakiri hilo hadharani. Nilikosea, na nilikuwa na habari za Star Princess kichwani wakati nakosea.

Mizigo ya siku ya kupanda sitaizungumzia sana. Walinzi wenu wanaikagua kwa eksirei, wanazinusa chupa za dawa ya kusukutua mdomo zilizojazwa vodka, wanazishikilia hadi siku ya kushuka. Kazi hiyo inafanywa vizuri, na inafanywa vizuri kwa sababu inafanywa na walinzi. Mlinzi hapewi bakshishi, hapigiwi alama na mgeni. Ana sare, ana redio, ana mkubwa anayesimama nyuma yake.

Linganisheni na bangi.

Wageni wenu wengi wanatoka majimbo ambako bangi ni halali, au wana cheti cha matibabu cha Florida, na hawajui kwamba mlango wa meli ni mlango wa sheria nyingine, ya serikali ya shirikisho ya Marekani, ambayo bado inaikataza. Wengine wanainunua Jamaika. Huko tangu 2015 kukutwa na hadi aunsi mbili, kama gramu 57, si jinai tena, ni faini tu, na mgeni anarudi melini akiamini yuko salama. Sikuhizi hata haifanani na bangi. Ni peremende laini za rangi rangi, kwenye pakiti yenye michoro kama ya watoto.

Siku ya kubadilisha abiria mnaijua. Wa zamani wanashuka asubuhi, wapya wanapanda kabla ya adhuhuri, na kila mhudumu ana vyumba zaidi ya kumi vya kugeuza. Dada mmoja tuliyekuwa naye, mtu wa kwetu Pwani, alikuta kwenye droo pakiti ya peremende, juu yake noti ya dola 20 na karatasi ya asante. Wageni huacha vitu hivyo: biskuti, matunda, sabuni. Akaziweka kwenye kopo la toroli yake pamoja na pipi nyingine. Jioni alikula mbili akiwa anakunja taulo. Usiku aliamini anakufa. Moyo unamwenda mbio, kuta zinamsogelea, anaita mama yake. Wenzake wakampeleka zahanati, na zahanati ikabidi iripoti. Kipimo kikasema alichosema. Alishushwa bandari iliyofuata, mkataba umevunjwa, tiketi ya nyumbani amekatwa kwenye stahiki zake. Hadi leo hajapata meli nyingine, kwa sababu kila fomu inauliza kama aliwahi kukutwa na dawa za kulevya, naye ni mkweli.

Walioziacha walikuwa uwanja wa ndege wa Miami wakati huo. Hakuna aliyewapigia simu.

Nasema haya kwa uchungu, lakini nina maombi, na yote yanawezekana kwa vitu mlivyonavyo tayari.

Kadi ya abiria ile inayojua kuhesabu kinywaji cha 15 inaweza pia kubeba neno "basi". Mhudumu mmoja akikataa, msimamizi wa zamu athibitishe, na kadi ifungwe kwa pombe kwenye baa zote hadi kesho asubuhi. Aliyekataliwa staha ya tano akatwe kiu ya kupanda ya saba. Ni mashine itakayosema, na mgeni atabishana na mashine. Malalamiko yatakayotoka kwa mtu aliyefungiwa usiku huo yasiingie kwenye alama za mhudumu. Na kile kifungu cha kuwalazimisha watu wote wa chumba wanunue kifurushi, kifuteni. Nyinyi mmetafuta njia ya kuzuia wizi wa glasi chache, mkapata njia ya kumfundisha pombe mama asiyeitaka.

Sigara ya roshani mpeni mlinzi. Azunguke kwa saa zisizojulikana, atazame, aandike, na ikibidi agonge mlango yeye. Jina la mhudumu wa chumba lisionekane popote kwenye faini, na mgeni aliyetozwa kwa moshi asiruhusiwe kuondoa bakshishi. Kisha ongezeni sehemu za kuvutia zenye kivuli na viti, maana mvutaji wa miaka 40 hamtamgeuza kwa tangazo. Akipata mahali pazuri atakwenda.

Kuhusu bangi, waambieni wageni siku wanayokata tiketi, kwa maneno ambayo mtu hawezi kuyapita, kwamba hata peremende na mafuta yake hayaruhusiwi. Wekeni sanduku la kutupia mlangoni kabla ya eksirei, bila maswali. Na kwa mfanyakazi anayekuta kitu chumbani, wekeni namba moja ya kupiga, aje mlinzi, achukue, aandike, na dakika alizopoteza mhudumu zihesabiwe kuwa kazi. Mfanyakazi aliyekula bila kujua asikilizwe kabla ya kushushwa. Dada yule alisikilizwa kwa dakika kumi, kwa lugha ambayo wakati ule ulimi wake haukuweza kuitamka.

Nanyi mawakala wa hapa Mombasa, watu wa kwetu. Mnawafundisha watoto wetu kukunja taulo liwe tembo, kubeba sahani nne, kutabasamu. Wafundisheni pia kukataa. Wafundisheni kilichomo kwenye mkataba kuhusu vipimo vya dawa, na kwamba kitu cha kuliwa kilichoachwa chumbani hakiliwi, hata kiwe kimefungwa vipi. Wengi wao hawajawahi kuiona peremende ya bangi. Waonyesheni picha.

Mpwa wangu amepita mahojiano na anasubiri visa. Amepangiwa baa. Jumapili iliyopita alikuja hapa Likoni, akaniambia, Mjomba, nifundishe kumkatalia mgeni bila kumuudhi. Tukakaa barazani, mimi nikawa mgeni mlevi. Nikamgongea meza, nikamtolea kadi, nikamwambia soma jina langu. Alisimama wima, akaniwekea maji, akasema kwa sauti ya chini, samahani bwana, usiku huu siwezi kukuongezea. Alisema vizuri kuliko nilivyowahi kusema mimi. Nikainuka, nikamuuliza: na nikienda baa ya juu je?

Akanitazama, hakuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo la kumpa.

Wenu,
Aliyekuwa mhudumu wa vyumba na baa, mikataba minne
Likoni, Mombasa